Shimo Kwenye Picha ya Shosho

Picha ya shosho ina shimo la mstatili mahali uso wake ulipokuwa. Amekaa kitini nje ya nyumba, Bahati estate, rinda la maua, mikono mapajani. Juu ya shingo hakuna kitu. "Ilienda na kitambulisho," huwa anasema, kama mtu anayesimulia kuku aliyebebwa na mwewe.

Kipande cha mkoloni, miaka ya 1920, kilitaka alama za vidole vya wanaume Waafrika. Sura haikuhitajika. Sheria ya usajili iliporekebishwa mwaka 1978, wanawake nao wakaanza kuandikishwa, na safari hii ilibidi uso uonekane kwenye kadi. Shosho alikuwa na picha moja na makasi. Pesa ya studio ilikuwa ya unga.

Si yeye tu. Kule Gulu, Uganda, mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo alikuta Gulu Real Art Studio rundo la picha zilizotobolewa hivyo hivyo. Mashine ya pasipoti ilitoa picha nne kwa mpigo. Aliyetaka moja alipigwa picha ya kawaida, uso ukakatwa, mwili ukabaki studio. Kitabu chake kilitoka mwaka 2013: magoti, viatu, watoto waliopakatwa, koti lile lile la kuazima. Ofisi ilibeba nyuso, maisha yakabaki kwenye mabaki.

Mwaka huu niliskani picha zote za shosho nikazichapisha upya. Za kukata kingo nikaenda kutafuta mashine River Road. Muuzaji akanionyesha mbili. Ya mkono mrefu inashuka kama panga na kukata rundo, lakini karatasi huteleza kidogo ukikandamiza. Ya pili ina kisu cha mviringo kinachokimbia kwenye reli, na utepe wa plastiki angavu unaoshika picha. Inakata chache tu, lakini unaona mstari kabla hujakata. Nikachukua hiyo. Maze, ukishakata hakuna kurudi.

Nyumbani nikaanza na ile yenye shimo. Pembeni kuna ukingo mweupe, na mwandiko wa kalamu uliofifia. Nikaiweka chini ya reli.

Shosho akanishika mkono. "Hiyo wacha vile iko. Imekatwa ya kutosha."

Nikaichapisha nzima, ukingo, mwandiko na shimo lake.