Wasanifu wa Pale Survey

Kabla kompyuta hazijaingia studio, mwanafunzi wa usanifu majengo hakukosa wembe. Akikosea mstari wa wino kwenye karatasi angavu, raba haikumfaa. Aliukwangua taratibu kwa ncha ya wembe, akapuliza vumbi, akasugua kwa ukucha mpaka palainike, ndipo achore tena. Mkono ukizidi nguvu, karatasi inatoboka na kazi ya usiku kucha inaanza upya.

Dar es Salaam ilichelewa kuwa na studio ya namna hiyo. Anthony Almeida, mzaliwa wa jiji hilo hilo, alikwenda kusomea Bombay. Beda Amuli, anayetajwa kuwa msanifu wa kwanza Mwafrika nchini Tanzania, alihitimu Technion, mjini Haifa, Israeli. Kazi yake kila mtu anaijua hata asiyelijua jina lake: soko la Kariakoo la miaka ya 1970, lenye paa la miavuli ya zege, lile lililoungua Julai 2021.

Waliokwenda karibu walikwenda Nairobi. Royal Technical College ilianza kufundisha mwaka 1956, na usanifu ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, nchi tatu ziligawana kazi: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi na usanifu Nairobi. Mpango ulikuwa mzuri ulipodumu. Mwaka 1970 chuo kikavunjika, kila nchi ikabaki na kipande chake, na kipande cha Tanzania hakikuwa na usanifu.

Jawabu lilikuwa tayari limekaa mlimani, ila kwa jina lingine. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilianzisha shule ya wapima ardhi, ambayo miaka miwili baadaye ilihamia karibu na pale panapoitwa sasa Mlimani. Vijana walijifunza kuburuta mnyororo wa kupimia na kusoma theodolaiti. Hadi leo eneo hilo wenyeji wanaliita Survey. Miaka ya 1970 shule hiyo ikawa Chuo cha Ardhi. Mipango miji ikaingia, uthamini ukaingia, na usanifu majengo ukapata kwao. Mhitimu aliondoka na stashahada ya juu, cheti kilichohesabiwa sawa na shahada ya kwanza, ingawa ukikipeleka ng'ambo ilibidi ukieleze. Mwaka 1996 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi.

Palikuwa na mlango mwingine, wa chini. Kijana wa kidato cha nne angeweza kuingia Dar Tech, chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1957, akatoka na cheti cha FTC na kuitwa fundi sanifu. Wengi wao ndio waliokaa saiti, wakipima nondo na kuwagombeza wachanganya zege, huku michoro ikitiwa saini na mwingine. Siku hizi lugha ya serikali inasema mbunifu majengo, na bodi ya usajili imelibeba jina hilo. Msanifu lilikuwa neno bora: lilimweka mwenye shahada na fundi sanifu kwenye ukoo mmoja.

Ajabu ni kwamba waliopanda hadi uzamivu walirudi kwa fundi. Huba Nguluma wa Ardhi, katika tasnifu aliyoikamilisha mwaka 2003 kwenye chuo cha KTH, Stockholm, hakuchunguza maghorofa ya Posta. Alichunguza jinsi wakazi wa mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam wanavyojijengea na kuzibadili nyumba zao. Asili ya nyumba nyingi kama hizo ni ile ya Kiswahili: ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Mpangaji akiongezeka, chumba kinaongezwa uani. Fundi anafunga kamba kwenye mambo nne, anamuuliza mwenye nyumba mlango ukae wapi, anaanza kuchimba msingi.