Sungusungu na Mageti ya Johannesburg



Observatory, mashariki ya katikati ya Johannesburg, ilipata jina kutokana na kituo cha kuangalia nyota kilichoanzishwa 1903. Pale ndipo Robert Innes alipoigundua, 1915, nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu. Jirani wa Observatory yenyewe ni Yeoville, ambako Kiswahili cha Wakongo hukikosi barabarani.

Sheria ya polisi ya 1995 iliunda mabaraza ya polisi na raia kwenye vituo vya nchi nzima. Mwaka 1998 jimbo la Gauteng likaruhusu wakaazi kuomba kufunga barabara zao kwa ajili ya usalama. Vitongoji vyenye uwezo vikaweka mageti na kuajiri walinzi.

Sisi wa Tanzania tukiyasikia haya twasema, aa, kumbe ni sungusungu tu! Sivyo hasa. Sungusungu walizuka mnamo 1982 huko Kahama na Nzega, baada ya Vita vya Kagera kuacha bunduki mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe kuzidi. Polisi walikuwa wachache, na wengine, watu walisema, walikula na wezi. Wanakijiji wakajipanga chini ya mtemi wao na katibu, kwa upinde na mishale. Ukipigwa mwano, kila mwanamume hutoka. Mkaidi alitengwa na kijiji kizima. Serikalini wapo waliotaka wakamatwe, Mwalimu akawatetea. Sheria ya kuwatambua ilikuja 1989. Mrema alipowaleta mijini, mwenye nacho akalipa badala ya kukesha. Hapo ndipo tulipoanza kufanana na Johannesburg, nionavyo mimi.

Tusijisifu lakini. Wezi walipungua, ila sungusungu hao hao waliwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Na Mei 2008 moto ulioanzia Alexandra, papo hapo Johannesburg, uliua watu zaidi ya 60. Wageni waliambiwa ndio wezi, na waliowafukuza walijiona wanalinda mtaa.

Basi mimi huuliza hivi: mpangaji wa Yeoville akipita Observatory alfajiri kwenda kazini, anayelinda pale anamjua kwa jina, au kwa lafudhi? Na kwenye mkutano wa usalama wa mtaa, nani alimwalika?