Konokono wa Kandel na siri ya kumbukumbu ya kudumu

Leo naweka programu na seva kando kidogo. Wiki hii nimekuwa nikisoma kuhusu konokono. Msicheke! Sisi watu wa kompyuta tunajua kwamba kilichoko kwenye RAM hupotea stima zikipotea, na kilichoandikwa kwenye diski hubaki. Je, ubongo nao huandika wapi?

Aliyejibu sehemu kubwa ya swali hili ni Eric Kandel, Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1929. Novemba 1938 alitimiza miaka 9, akapewa gari dogo la bluu la kuchezea. Siku 2 baadaye polisi wa Kinazi walibisha hodi na kuwafukuza nyumbani. Mwaka 1939 alikimbilia Marekani. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kumbukumbu za mwaka ule wa mwisho Vienna zilichangia kumfanya aiandame akili ya binadamu maisha yake yote.

Alianza na ubongo wa paka, akaona ni msitu. Ndipo mwaka 1962 akaenda Paris kwa Ladislav Tauc kujifunza mnyama aitwaye Aplysia, konokono mkubwa wa baharini. Wakubwa kadhaa katika fani walimwona anajiharibia kazi. Konokono ana nini cha kukumbuka? Lakini Kandel alifikiri kama mtu anayetafuta hitilafu kwenye programu: punguza tatizo mpaka libaki dogo kabisa. Aplysia ana seli za neva kama 20,000 tu (sisi tuna kama bilioni 86), na baadhi ni kubwa hivi kwamba unaziona bila hadubini.

Ukigusa mrija wake wa kutolea maji, hurudisha matamvua ndani. Ukimpiga shoti ya umeme mkiani kwanza, mguso ule ule mdogo humfanya ayarudishe kwa nguvu zaidi. Shoti moja hukumbukwa kwa dakika chache. Shoti nyingi zilizotawanywa kwa siku 4 hukumbukwa kwa majuma. (Wanaokesha usiku mmoja kabla ya mtihani, mmesikia?)

Sasa tuingie ndani ya waya. Shoti husababisha serotonini kumwagwa kwenye seli inayopokea mguso. Ndani ya seli, molekuli ya saikliki AMP huongezeka na kuamsha kimeng'enya kiitwacho PKA, ambacho hufunga milango ya potasiamu. Ishara ya umeme inarefuka, kalsiamu nyingi zaidi inaingia, na seli inamwagia jirani yake kemikali nyingi zaidi. Hiyo ndiyo kumbukumbu fupi, na hakuna kitu kipya kilichojengwa.

Shoti zikirudiwa, PKA husafiri hadi kwenye kiini cha seli na kuamsha protini iitwayo CREB, nayo huwasha jeni. Mwaka 1986 kundi la Kandel lilizuia utengenezaji wa protini mpya: badiliko la muda mfupi likabaki, la muda mrefu halikutokea. Na Craig Bailey na Mary Chen walipohesabu maungio ya seli hizo, konokono waliofunzwa walikuwa nayo karibu maradufu.

Hapa mfano wangu wa RAM na diski unavunjika, na ndipo nilipofurahi zaidi. Konokono hana diski pembeni. Waya ule ule uliopitisha habari ndio unaoota matawi.

Kandel alipata Nobeli mwaka 2000, pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. Lakini protini huoza na kubadilishwa baada ya siku au majuma. Mbona kumbukumbu hubaki? Mwaka 2003 Kandel, Kausik Si na Susan Lindquist walionyesha kwamba protini ya konokono iitwayo CPEB, ikiwekwa ndani ya hamira, inaweza kubadili umbo na kuvuta wenzake wafuate umbo hilo, kama prioni. Walipendekeza kwamba mnyororo huo ndio unaolinda ungio lisififie, na ubishi juu ya hilo bado unaendelea maabarani.