Munyakei alifichua Goldenberg. Tukamlipa nini?

Kila mtu amesikia Goldenberg, lakini jina la kushika ni David Munyakei. Alikuwa karani kijana pale Benki Kuu. Aliona kampuni inalipwa mabilioni eti imeuza nje dhahabu na almasi. Sasa Kenya almasi ilikuwa wapi? Mwaka wa 1993 akatoa nyaraka, zikafika bungeni. Aliyekamatwa ni yeye! Akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, kazi ikaisha. Alikufa 2006, maskini.

Uganda ilipitisha sheria 2010: mfichuzi analindwa, na pesa zikirudishwa anapata asilimia 5. Mimi naona Munyakei angetosheka hata na kazi yake tu. Kwa hivyo mheshimiwa akikwambia, "Vijana, ripotini ufisadi," muulize kwanza: nani atanilinda?