Dhamana ya Serikali katika Kuunda Merikebu

Wasikilizaji, huenda mtu wa Ugogo akauliza: sisi tukaao mbali na bahari, habari ya merikebu yatuhusu nini? Yatuhusu. Merikebu iitwayo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita Dodoma kwa gari la moshi kwenda Kigoma. Na reli hiyo ilianza kwa dhamana. Mwaka 1904, kwa ajili ya sehemu ya Dar es Salaam hata Morogoro, Serikali ya Ujerumani iliwaahidi wenye fedha asilimia 3 kila mwaka juu ya mtaji wa mark milioni 21, reli ipate faida au isipate.

Dhamana ni nini? Mwaka wa njaa, maskini akimwendea mwenye duka kukopa gunia la mtama, hukataliwa. Lakini mzee mwenye ng'ombe wengi akisema, "Asipolipa yeye, nidai mimi," mtama hutolewa mara moja. Mwenye duka hakumtazama mkopaji; alitazama zizi la mzee. Naye mzee hakutoa hata senti moja siku ile. Lakini tangu saa ile deni limelala mlangoni pake.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Biashara ilianguka, na mafundi wa merikebu wakakaa bila kazi. Mwaka 1921 Bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu Hazina kudhamini mikopo, hapo kwanza hata pauni milioni 25, ili makampuni yaagize vitu na watu wapate kazi. Merikebu zikaundwa, nyingine Belfast katika kiwanda cha Harland and Wolff, na nyumba nyingi zikapata chakula.

Miongoni mwa wakopaji wakubwa alikuwa Lord Kylsant, mkuu wa makampuni ya Royal Mail. Chini yake ilikuwako Union-Castle, ambayo merikebu zake zilitia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Tangu 1924 alikuwa pia mwenyekiti wa kiwanda kile cha Belfast. Basi mwagizaji na muundaji walikuwa chini ya mtu mmoja. Kwa nje mambo yalipendeza, na wenye hisa waligawiwa faida. Lakini siku za kulipa zilipowadia, aliomba aongezewe muda. Ndipo Serikali ilipotaka hesabu zichunguzwe, ikaonekana kwamba faida ile ilitolewa katika akiba ya siri ya miaka ya nyuma, wala si katika mapato ya mwaka. Mwaka 1931 Kylsant alihukumiwa kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya tangazo la uongo la mwaka 1928, lililowaita watu waikopeshe kampuni yake.

Je, dhamana ni mbaya? La. Imeunda merikebu, imejenga reli, imewalisha watoto wa mafundi. Hatari ni kutia sahihi kwanza, na kufungua vitabu vya hesabu baadaye. Fedha ya Hazina ni kodi ya watu, hata ya mkulima wa mtama. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na matanga ya dhamana hukalishwa nyumbani kwa mdhamini. Basi mzee mwenye busara huenda kwanza kulitazama shamba la mkopaji, ndipo afungue kinywa chake.