Mtiki hauoti Denmark

Mwezi uliopita rafiki yangu anayesoma Copenhagen alinitumia picha ya meza ya kulia inayouzwa. Ni ya mtumba, ya miaka ya 1950 au 1960 mwanzoni. Rangi ya asali, miguu minne ya mviringo inayopungua unene kwenda chini, na nakshi hakuna hata moja. Muuzaji ameandika: meza halisi ya Skandinavia, mbao za mtiki. Rafiki yangu alitaka kujua kama bei ni ya haki. Kwa pesa ile mimi ningelipa kodi ya chumba miezi minane, kwa hiyo mshauri mzuri wa bei sikuwa. Nilichokwama nacho ni lile neno mtiki.

Mtiki hauoti Denmark. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos, kwenye joto na kiangazi cha kueleweka. Watu wa pwani yetu wanaujua kwa jina la zamani, msaji, maana mbao zake zilifika huku kwa bahari kutoka India zikawa majahazi na milango. Hata mashamba ya Longuza na Mtibwa yamepandwa, si msitu wa asili. Sasa mbao hizo zilifikaje kwenye karakana za nchi yenye theluji, hadi dunia nzima ikaziita za Skandinavia?

Tuanze na misitu ya Denmark yenyewe, ambayo kufikia mwaka 1800 hivi ilikuwa karibu kwisha. Ilibaki asilimia chache tu ya ardhi, nyingine imeliwa na mashamba, mifugo, kuni na meli. Mwaka 1805 ikatoka amri ya kifalme kwamba msitu uliobaki ubaki msitu, uzungushiwe uzio na mifugo itolewe. Amri ilifanya kazi. Ndiyo maana mafundi wa huko walikuwa na mti wa bichi na mwaloni wa kwao, na mwaka 1942 Børge Mogensen alipopewa ofisi ya usanifu wa samani katika FDB, muungano wa maduka ya ushirika, kazi yake ilikuwa vitu vya kawaida kwa familia za kawaida, kwa mbao hizo hizo za nyumbani.

Mtiki ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1884 nahodha wa Kideni, H. N. Andersen, alifungua kampuni Bangkok, na mwaka 1897 akaanzisha Copenhagen kampuni kubwa ya Asia ya Mashariki, ØK kwa kifupi chake. Mbao za mtiki za Siam, Thailand ya leo, zilikuwa moja ya biashara zake za msingi, na kaskazini, Phrae, kampuni ilikuwa na vibali vya kukata.

Kazi yenyewe si mchezo. Mtiki mbichi huzama majini, kwa hiyo huwezi kuukata leo ukausafirisha kesho. Wafanyakazi, wengi wao Wakhmu waliotoka Laos kutafuta vibarua, walichuna gome kuuzunguka mti mzima ukafa umesimama, wakauacha ukauke miaka miwili au zaidi. Ndipo ukaangushwa, tembo wakalivuta gogo hadi mtoni, likasubiri mvua zijaze mto. Mvua zikiwa haba, gogo lilikwama mchangani hadi msimu mwingine. Safari ya kufika Bangkok ingeweza kuchukua miaka.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, njia ya Bangkok–Copenhagen ilikuwepo tayari, na wasanifu kama Finn Juhl wakaupenda mtiki. Kiufundi walikuwa na sababu. Ubao wowote hupanuka na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, lakini mtiki ukikauka husinyaa takriban nusu tu ya bichi. Kwa meza hilo ni jambo kubwa, hasa meza inayorefushwa. Nyingi za wakati ule zina mabawa mawili yaliyolala chini ya uso, juu ya reli zilizoinama kidogo. Ukivuta bawa, linapanda taratibu, na uso wa katikati unashuka kukaa nalo sawa. Ubao ukipinda milimita chache tu, mchezo wote umeharibika. Ubaya wa mtiki ni kwamba una silika ndani yake, inakula makali ya randa na msumeno, na mafuta yake yanasumbua gundi.

Kisha soko likafunguka. Kati ya 1954 na 1957 maonyesho makubwa ya usanifu wa Skandinavia yalizunguka Marekani na Kanada, na samani hizi zikawa mtindo. Kwa ufupi, huo ndio mwanzo wa bei ya leo. Huyo Juhl, kwa njia, ndiye aliyesanifu ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, ambako Nyerere alisimama Machi 1955 kuisemea Tanganyika. Kuta zake, lakini, ni za mti wa eshi, si mtiki.

Msitu ulikotoka mtiki haukupata amri ya mapema kama ya 1805. Thailand ilipiga marufuku ukataji wa kibiashara kwenye misitu ya asili mwaka 1989, baada ya mafuriko na maporomoko ya Novemba 1988 kuua mamia ya watu kusini. Mimi naona si haki neno Skandinavia libebe sifa zote, na Phrae isitajwe hata kwenye tangazo.

Nilimwambia rafiki yangu akague mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, pembeni: nyingi ya meza hizi zina vinia, yaani tabaka la mtiki lisilozidi milimita moja hivi, limegundishwa juu ya mbao nyingine. Ukiipiga msasa kwa pupa umemaliza meza. Pili, je, kweli ni mtiki? Zipo za rozwudi ya Brazil, ndugu wa mpingo wetu, na hiyo tangu 1992 iko kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES. Ukitaka kuirudisha nayo Dar, bila hati itaishia forodhani.

Alikwenda, akainama chini na tochi ya simu. Fremu ni bichi. Uso ni vinia ya mtiki. Alipovuta mabawa, yakatoka na rangi tofauti na meza nzima, maana yalikaa gizani miaka yote hiyo na jua halikuyafikia.