Isaka: Shamba la Kuazima katika Upare wa Kaskazini

Neno isaka hutumika katika Upare wa Kaskazini, ambako Kwakoa imo katika wilaya ya Mwanga. Maana yake ni shamba aliloazimwa mtu na ukoo usio wake. Twaona yafaa kulieleza, kwa kuwa ndani yake mna swali waulizwalo waalimu na wachungaji hata leo: kijana asiye na shamba la baba atalima wapi?

Kwa desturi ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Lakini mgeni, au mtu ambaye ukoo wake ulikuwa na ardhi haba, alikwenda kwa mwenye nafasi, akapewa sehemu, naye kila mwaka akapeleka mtungi wa pombe. Mtungi ule haukuwa bei ya shamba. Ulikuwa ushuhuda kwamba mlimaji angali akimtambua mwenye ardhi. Mazao ya msimu yalikuwa yake. Miti ya kudumu ilikuwa jambo jingine, maana mti huishi kuliko mapatano, na aliyeupanda huweza kudai udongo ulio chini yake. Tena ilimpasa kutoka na wenziwe katika msaragambo, ile kazi ya watu wote, kama vile kuzibua mfereji na kutengeneza ndiva lihifadhilo maji. Hivyo alijifunza ukulima na ujirani pamoja.

Kahawa ilipoenea milimani, mti huo wa miaka mingi ulizidisha shaka baina ya mwenye shamba na mwazimwa. Kisha ikaja sheria. Mwaka 1965 serikali iliwakomboa wapangaji wa nyarubanja katika Buhaya, na mwaka 1968 sheria ya namna hiyo ikawekwa kwa Tanzania Bara yote, ili mlimaji awe mwenyewe. Kwa aliyelima miaka mingi bila usalama hiyo ilikuwa haki. Lakini nyarubanja ilikuwa ya mabwana wakubwa, na isaka mara nyingi ilikuwa ya majirani. Zote mbili zikapimwa kwa kipimo kimoja. Ikiwa kuazima ni kupoteza, nani ataazima? Mwazimwa wa jana aliokoka, bali wa kesho alikuta mlango umefungwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa haki ya kimila, na mwenye haki hiyo aweza kumpangisha mwingine. Tena yabatilisha desturi imnyimayo mwanamke ardhi. Basi yatupasa kuwashauri wazee wasio na warithi walimao, na vijana wasio na shamba, waandikiane mbele ya halmashauri: miaka mingapi, mazao gani, miti ni ya nani, na fidia ipi wakiachana. Wala wasiache kukutana kila mwaka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi ya ule mtungi: kuwakumbusha watu wawili neno walilopatana, kabla halijageuka kuwa kesi.